Msisubiri Twiga Achechemee: Barua ya Wazi kwa Bodi ya Bustani ya Wanyama

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi,
Kwa Mkurugenzi wa Bustani,

YAH: HALI YA KWATO ZA WANYAMA WALIO CHINI YA UANGALIZI WENU

Waheshimiwa,

Naandika hadharani kwa sababu njia za ndani zimegonga ukuta. Nimezungumza na msimamizi wa kitengo, nimeandika ofisini kwa mkurugenzi, nimeomba nafasi kwenye kikao cha bodi. Nilijibiwa kwa adabu kila mara, na kila mara kwa maneno yaleyale: suala linafanyiwa kazi, daktari anafuatilia, bajeti ijayo itaangaliwa. Kwato zenyewe hazikusimama kusubiri bajeti. Ziliendelea kuota.

Mimi ni mtunzaji mstaafu wa kitengo cha wanyama wenye kwato. Sitamtaja mtu kwa jina, wala sitaki mtu yeyote apoteze kazi. Watunzaji niliowaacha wanaijua kazi yao, na daktari wetu ni mtu makini aliyeelemewa. Ninacholalamikia ni utaratibu. Mnyama anaachwa mpaka achechemee. Akishachechemea anapigwa sindano ya usingizi, anakatwa kwato haraka haraka, anaamshwa, anarudishwa kwenye sakafu ileile na chakula kilekile. Faili linafungwa hadi atakapochechemea tena. Kwenye taarifa zenu za mwaka jambo hilo linaandikwa kuwa ni matibabu. Nakubali kwamba ukwato umekatwa. Ugonjwa haujaguswa.

Hoja zangu ni hizi.

1. Tunagundua tukiwa tumekwisha kuchelewa

Mnyama anayewindwa huficha maumivu. Swala anayeonyesha kilema porini ndiye atakayechaguliwa na mwindaji, na tabia hiyo haiishi kwa sababu tu amezaliwa ndani ya uzio. Mpaka mgeni aliyesimama nje aone kwamba pofu, yule swala mkubwa, anachechemea, tatizo limeshakaa humo muda mrefu.

Kuna jambo jingine ambalo wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wanalijua vizuri. Ukwato ukidhurika ndani kutokana na lishe au kusimama sana, dalili kwenye unyayo huonekana baada ya miezi miwili au mitatu, kwa sababu sehemu iliyodhurika hushuka polepole kadiri ukwato unavyoota. Siku mnyama anapochechemea sisi huulizana amekanyaga nini. Tungepaswa kuulizana alikuwa anakula nini miezi miwili iliyopita, na alikuwa anasimama wapi.

Dalili za mapema zipo, na mtunzaji anayeingia bandani kila asubuhi huziona: mnyama anayehamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule, anayesimama na miguu ya mbele imepishana, anayelala kuliko kawaida yake, anayefika wa mwisho kwenye chakula ilhali zamani alikuwa wa kwanza, au mwenye kidole kimoja kirefu kuliko mwenzake. Tatizo ni kwamba fomu yetu ya kila siku ina nafasi ya kuandika amekula nini, kinyesi kikoje na tabia ikoje, lakini miguu haina mstari wake. Ng'ombe wa maziwa ana kipimo cha mwendo cha alama 1 hadi 5 kinachojulikana tangu miaka ya 1990. Twiga wetu, ambaye picha yake iko kwenye kila tiketi mnayouza, hana.

2. Sakafu

Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo ugomvi mwingi unapoanzia.

Ukwato wa ng'ombe huota takriban milimita 5 kwa mwezi. Porini mnyama hutembea mwendo mrefu, na ardhi husaga kilichoota. Ndani ya uzio hesabu hiyo huharibika kwa njia mbili zinazopingana. Ardhi ikiwa laini tupu na mnyama hatembei, ncha hurefuka na kupinda, uzito unahamia kisigino, kano zinavutwa, na viungo vya juu vinaanza kuumia. Sakafu ikiwa zege kavu lenye kukwaruza, ukwato husagika upesi kuliko unavyoota, unyayo unakonda, na damu inavilia ndani. Zege hilohilo likituama mkojo na kinyesi, ukwato hulainika na ngozi iliyo katikati ya vidole huchubuka. Hapo ndipo bakteria kama Fusobacterium necrophorum, anayestawi pasipo hewa, anapata mlango.

Kwa hiyo hakuna sakafu moja inayowafaa wote. Swala aitwaye nzohe ana kwato ndefu zilizotanuka kwa ajili ya kutembea kwenye vinamasi. Urefu huo si ugonjwa, na mtu asiyelijua hilo anaweza kumkata akamwumiza. Mbuzi mawe, swala mdogo wa miambani, husimama kwa ncha za kwato juu ya miamba, naye ukimweka kwenye majani laini mwaka mzima umemnyima kisagio chake. Punda milia anahitaji ardhi ngumu ya kukimbilia.

Kifaru wa India ndiye somo kubwa kuliko wote. Porini, katika mabonde ya Assam na Nepal, huishi kwenye matope na majani marefu. Utafiti wa Friederike von Houwald wa Chuo Kikuu cha Zurich, uliokamilika mwaka 2001, ulichunguza miguu ya vifaru hawa katika bustani za wanyama na kuilinganisha na ya wenzao wa porini. Vifaru wa porini walikuwa na kuta za kwato ndefu na imara zinazobeba uzito. Wa bustanini kuta zao zilikuwa zimesagika, uzito ukaangukia kwenye mto laini wa unyayo, na nyufa zikatokea pale mto unapokutana na ukwato wa kidole cha kati. Ufa wa namna hiyo hukatwa, husafishwa, hufungwa dawa, na hurudi, kwa sababu kifaru mwenyewe amerudi juu ya zege.

Nyumba zetu za usiku zina zege la aina moja kwa wote. Najua sababu: ni rahisi kuosha kwa mpira wa maji. Nimeliosha sana zege hilo na ninashukuru kwamba linaosheka. Lakini mnyama anakaa humo kuanzia jioni hadi asubuhi, na hali ya hewa ikiwa mbaya anakaa na mchana pia. Wageni wanaona uwanja wa nje wenye nyasi, ilhali sehemu kubwa ya maisha ya mnyama huyo inapita kule ndani wasikoona.

Marekebisho hayahitaji jengo jipya. Wekeni mchanga wa kina au mikeka ya mpira mahali pa kulala, na mwinuko wa sakafu urekebishwe ili maji yasituame. Nje, wekeni ukanda wa changarawe ngumu kuzunguka maji na kwenye njia wanazopita kila siku, na mtenganishe maji, chakula na kivuli ili mnyama alazimike kutembea. Mchanga nao una masharti yake: msiwawekee punda milia chakula juu yake, watameza mchanga na kupata msokoto wa tumbo. Chakula kikae kwenye kihori kilichoinuliwa.

3. Chakula kinachoshuka mpaka miguuni

Watu wengi hushangaa wakiambiwa kwamba ukwato unaweza kuugua kwa sababu ya tumbo. Mnyama anayecheua akila wanga mwingi, iwe nafaka, mkate, vidonge vya chakula cha viwandani au matunda matamu, tumbo lake la kwanza hujaa asidi. Ukuta wa tumbo hudhurika, sumu huingia kwenye damu, na mishipa midogo iliyo ndani ya ukwato huathirika. Tishu inayoushikilia mfupa wa mwisho wa kidole huvimba na kulegea. Madaktari huuita ugonjwa huu laminaitisi. Mfupa ukilegea huzama au hugeuka, na ncha yake huanza kuubonyeza unyayo kutoka ndani. Mnyama huyo anakanyaga mfupa wake mwenyewe kwa kila hatua.

Twiga ameumbwa kwa majani ya miti, na bado kwetu ndoo ya vidonge huja kwanza, majani yakifuata iwapo gari la matawi limepatikana. Halafu kuna dirisha la wageni kulisha twiga. Sipingi dirisha lile, linaleta fedha na watoto wanalipenda. Ninachopinga ni biskuti na karoti zisizo na hesabu. Wauzieni wageni matawi yenye majani, kwa bei ileile. Mgeni atafurahi vilevile.

Kuhusu virutubisho: zinki, shaba na vitamini iitwayo biotini vina kazi kwenye uimara wa ukwato. Kwa ng'ombe wa maziwa, miligramu 20 za biotini kwa siku zimeonekana kusaidia, lakini baada ya miezi kadhaa, kwa kuwa kinachonufaika ni ukwato mpya unaoota, si ule uliokwisha kupasuka. Nasema hili kwa sababu niliwahi kuona makopo yakinunuliwa kwa furaha, na baada ya wiki chache yakatelekezwa stoo kwamba "hayafanyi kazi."

4. Sindano ya usingizi imegeuzwa kuwa ratiba

Kumlaza twiga kwa dawa ni miongoni mwa kazi za hatari zaidi katika udaktari wa wanyama. Shinikizo la damu yake ni karibu mara mbili ya la binadamu. Shingo isiposhikwa sawasawa anaweza kukosa hewa. Akianguka vibaya anavunjika. Akitapika yaliyomo tumboni akiwa usingizini, yanaingia mapafuni. Swala ana hatari yake nyingine: akikurupushwa na kuhangaika, misuli yake inaweza kuharibika kiasi kwamba anaamka vizuri, mnapongezana, naye anakufa siku chache baadaye. Tusisahau pia watu. Etofini, dawa inayotumika kwa wanyama wakubwa wa aina hii, ina nguvu ya maelfu ya mara kupita mofini, dawa kali ya maumivu ya binadamu, na tone dogo linaweza kumwua mtunzaji kama dawa ya kuitangua haipo karibu.

Kwa sababu siku kama hiyo ni ya hatari na ya gharama, haifanyiki mpaka hali iwe mbaya. Ikifika, daktari ana dakika chache na kwato nane za twiga mbele yake. Kishawishi ni kukata sana, kwa kuwa haijulikani ataruhusiwa tena lini. Hata kwa ng'ombe, wakataji wazuri huhakikisha unyayo haupungui milimita 5 hadi 7. Ukipita hapo umeondoa ngao, na mnyama anaamka akiwa na maumivu kuliko alivyolala.

Njia nyingine ipo, na si ndoto. Cheyenne Mountain Zoo ya Colorado, Marekani, inajulikana kwa kuwafundisha twiga wake kutoa mguu wenyewe. Mnyama anasogea kwenye uzio, anaweka ukwato juu ya kitalu cha mbao, mtunzaji anasugua, anapitisha tupa, anapiga hata picha ya eksirei, na muda wote mwenzake anampa twiga majani anayoyapenda. Akitaka kuondoka, anaondoka. Siku ya kwanza pengine utaugusa ukwato kwa fimbo tu, basi. Baada ya muda unapunguza kidogo kidogo, mara kwa mara, na ukwato haufikii hatua ya kuhitaji msumeno.

Mazoezi kama hayo yaliwahi kuanzishwa kitengoni kwetu. Watunzaji walipopunguzwa yakasimamishwa, kwa maelezo kwamba si kazi ya lazima. Mnyama aliyekuwa ameanza kuamini akaachwa, na imani hiyo hupotea upesi kuliko inavyojengwa. Gharama ya mazoezi ni saa za mtunzaji. Hebu zilinganisheni na gharama ya siku moja ya usingizi: dawa, timu, uwanja kufungwa, na twiga ambaye huenda asiinuke.

Sidai kwamba kila mnyama atafundishika. Nyati na baadhi ya swala wenye woga wanahitaji kibanio chenye kuta zilizowekwa sponji, ambacho wanapita kila siku wakienda kula, ili siku ya kufungwa humo wasione ajabu. Na kuna kazi za ndani sana ambazo usingizi hauepukiki. Hapo dawa itumike kwa mpango kamili: picha, damu, meno na kwato kwa mara moja.

5. Kukata bila kuona

Mnakata kwato za twiga bila picha ya eksirei. Ndani ya ukwato ule unaoonekana mrefu tu kunaweza kuwa na mfupa uliovunjika ncha, ulioingiwa na maambukizi au uliokwisha kugeuka. Madaktari waliopiga picha miguu ya twiga wa bustanini wamekuta mambo hayo yote. Asiyejua mfupa uko wapi hawezi kujua akate wapi na aache wapi.

Ukwato mgonjwa una taratibu zake za tiba, na daktari wetu anazijua akipewa nafasi. Sehemu iliyolegea huondolewa hadi penye uzima, na jipu hufunguliwa litoe usaha. Kidole chenye afya hugundishiwa kitalu cha mbao au mpira ili kile kinachouma kiinuke na kipumzike, na kitalu hicho huangaliwa na kuondolewa baada ya wiki kadhaa. Maambukizi yakifika kwenye mfupa au kiungo, mguu hufungwa kwa kamba ya mpira upande wa juu wa kidonda na dawa huchomwa kwenye mshipa wa damu ulio chini ya kamba hiyo, ili ikae kwa wingi pale inapotakiwa. Hatua hizi zote zinadai kumshika mnyama tena baada ya siku chache, na tena. Kwa utaratibu wa sasa daktari anapata nafasi moja, kisha anasubiri mwaka.

Neno kuhusu josho la miguu, kwa kuwa liliwahi kupendekezwa kama mkato: salfeti ya shaba husaidia kwa maambukizi ya ngozi kati ya vidole, haitibu mfupa uliogeuka. Na wanyama jamii ya kondoo hudhuriwa sana na shaba wakiinywa. Lisiachwe wazi.

6. Dawa za maumivu

Mpeni mnyama dawa ya maumivu, sina ubishi. Ila zikitolewa mwezi baada ya mwezi bila mtu kurudi kuangalia mguu, zinawafariji wanaotazama tu, na kwa wanyama wanaocheua zinaweza kutoboa vidonda tumboni. Hali ikifika mahali pa kuamua kama mnyama aendelee kuishi, uamuzi utokane na kumbukumbu za mwendo wake na picha za mifupa yake. Kwa tembo, ambao kwa maana kamili si wanyama wa kwato bali wana kucha na mto wa unyayo, magonjwa ya miguu na viungo ni miongoni mwa sababu kuu za kuuawa kwa huruma wakiwa kifungoni. Tukiendelea hivi, kwa twiga wetu tutafika hukohuko.

Najua nitakavyojibiwa. Mtasema mnyama ni mzee. Uzee haupindishi ukwato. Unaongeza tu hitaji la kuuangalia. Mtasema ni wanyama wa porini, hawashikiki. Twiga wa Colorado naye ni twiga. Mtasema wageni hawapendi kuona matope na changarawe. Wekeni kibao kinachoeleza kwa nini matope yapo, watu wataelewa, tena wataipenda bustani zaidi. Mtasema fedha hakuna. Baadhi ya ninayoomba hayahitaji fedha kabisa: mstari mmoja kwenye fomu hauna gharama, wala kubadilisha kinachouzwa dirishani.

Ninayoomba ni haya. Kuanzia mwezi ujao, mwendo wa kila mnyama mwenye kwato upewe alama kila wiki, na miguu yake ipigwe picha za kawaida kila mwezi. Mazoezi ya kutoa mguu yarudishwe, kwa saa zilizoandikwa kwenye ratiba ya watunzaji, zisiwe za kuibia wakati wa kufagia. Aitwe mtaalamu wa lishe ya wanyama pori apitie vyakula vya wanyama wote wanaocheua. Kabla ya mwaka kuisha, kila twiga na kila kifaru awe na picha ya eksirei ya kuanzia, ya kulinganishia baadaye. Sakafu za nyumba za usiku zianze kurekebishwa kwa vifaru na twiga, kwa kuwa ndio wazito zaidi. Wengine wafuate kwa mpango wenye tarehe. Na matokeo yachapishwe kwenye taarifa ya mwaka, ukurasa uleule mnaoandika idadi ya wageni.

Lipo moja lisiloweza kusubiri. Yule twiga jike mkubwa wa banda la kaskazini, mguu wake wa mbele kushoto, ameshalazwa zaidi ya mara moja kwa tatizo lilelile. Kabla hajapigwa sindano nyingine, bodi imruhusu daktari amwite mwenzake mwenye uzoefu wa miguu ya twiga, mashine ya eksirei iwepo siku hiyohiyo, na mchanga uwe umeshawekwa bandani kabla hajaamka.

Niko tayari kuja mbele ya bodi siku yoyote mtakayotaja, na kukaa na watunzaji wapya bila malipo hadi mazoezi yaimarike tena. Naomba jibu la maandishi, litaje tarehe na jina la atakayewajibika kwa kila ombi.

Wenu kwa heshima,

Mtunzaji mstaafu,
Kitengo cha Wanyama Wenye Kwato

Nakala: Daktari Mkuu wa Bustani, Msimamizi wa Kitengo, Wanachama wote wa Bustani